Bati 18 juu ya ukuta uliolowa: kisa cha ukarabati wa nyumba ya mjane mkoani Dodoma

Kisa na mipaka yake

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma, kuanzia Desemba 2023 hadi mvua za mwanzoni mwa 2025. Majina, wilaya na alama za mahali vimeondolewa. Wahusika wanatajwa kwa vyeo vyao, na mwenye nyumba tunamwita Bibi, kama kijiji kizima kinavyomwita. Kimeandikwa kwa ajili ya watendaji wa vijiji na kata, maofisa maendeleo ya jamii na wajumbe wa kamati za maafa: watu ambao kila msimu wa mvua hujiwa ofisini na mtu aliyeangukiwa na nyumba, na mezani hawana fungu la kumsaidia.

Bibi alisaidiwa mara mbili. Mara ya kwanza msaada ulihesabiwa kwa bati. Mara ya pili ulianza kwa kuuliza maji ya mvua yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Fedha za mara ya pili hazikuzidi za mara ya kwanza kwa kiasi cha kueleza tofauti ya matokeo.

Kaya na nyumba yake

Bibi ana miaka sabini na ushee. Mumewe alifariki zamani. Analea wajukuu watatu, na binti yake anafanya kazi za ndani jijini na kutuma alichonacho. Kaya ilikuwa kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Ruzuku ilikuja kila baada ya miezi miwili na karibu yote iliishia kwenye unga, madaftari na sare. Shambani anapanda uwele na karanga. Mwaka ukiwa mzuri anauza karanga kidogo.

Nyumba ilikuwa tembe, ile ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, vyumba vitatu vilivyopangwa kwa kona. Ni lazima kuieleza kidogo jinsi tembe inavyosimama, kwa sababu kosa la Januari, msaada ulipofika mara ya kwanza, lilitokana na kutoielewa. Paa la tembe halikai juu ya ukuta. Linabebwa na nguzo zilizochimbiwa ardhini, juu yake mihimili, kisha fito, nyasi, na mwisho udongo. Ukuta ni fito zilizokandikwa, kazi yake kuzuia upepo na macho ya watu. Udongo wa unene wa sentimita 20 una uzito wa kama kilo 300 kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo hakuna upepo unaoliinua paa hilo. Mvua ndogo hunyonywa na kukauka taratibu. Mchana ndani kuna ubaridi, na usiku wa Juni au Julai, Dodoma ikipiga baridi yake, ndani kuna joto.

Adui zake ni wawili: mchwa wanaokula nguzo kuanzia chini, na mvua ya siku nyingi mfululizo. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Tembe limezoea mvua hiyo ikija kwa vipindi. Msimu wa 2023/24, mwaka wa El Niño, haikuja kwa vipindi. Usiku mmoja wa Desemba, baada ya siku kadhaa za mvua, ukuta wa nyuma ulilala chini na kuvuta nguzo mbili ambazo mchwa walikuwa wameshazimaliza. Bibi na wajukuu walikuwa wamelala chumba cha mbele. Hakuna aliyeumia.

Milango iliyobishwa

Mtendaji wa kijiji alianza kutafuta njia asubuhi ile ile. Safari yake inaonyesha hali ilivyo karibu kila halmashauri.

Hakuna kasma, yaani fungu la bajeti, ya ukarabati wa nyumba za watu binafsi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilikuwa imesitishwa tangu Aprili 2023. Hata ingekuwepo, ni mikopo ya vikundi kwa ajili ya shughuli za kuzalisha mali. Bibi kizee hawezi kuulizwa ukuta wake utazalisha nini. Ruzuku ya TASAF ilikuwa na kiwango chake na haikuongezwa kwa sababu nyumba imeanguka. Ikabaki kamati ya maafa, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaitambua, lakini ya kijiji hiki ilikuwa na wajumbe na muhuri tu. Michango ya wadau, wiki hizo, ilikuwa inaelekea Katesh, mkoani Manyara, kwenye maporomoko ya tope ya Hanang ya Desemba 3, na nani angewalaumu.

Kata nzima ilikuwa na nyumba kumi na moja zilizoanguka au kupasuka vibaya. Orodha iliandikwa. Haikupangwa kwa uzito wa shida wala kwa idadi ya watu, iliandikwa kwa jinsi taarifa zilivyofika. Bibi alikuwa wa kwanza kwa sababu anakaa karibu na ofisi.

Januari: bati zinafika

Halmashauri ilipata fedha kidogo za dharura kutoka mapato yake ya ndani, diwani akachangisha nyongeza, zikanunuliwa bati 18 za geji 30, futi kumi kila moja, pamoja na misumari na mbao chache. Zilikabidhiwa mbele ya watu, picha zikapigwa. Siwacheki waliokabidhi. Mvua ilikuwa inanyesha, watoto walikuwa wanalala kwa jirani, na bati ni kitu ambacho mtu anakiona, anakihesabu na kukiandika kwenye taarifa bila mtu wa juu kuuliza maswali.

Uamuzi wa namna ya kuzitumia ulifanywa siku hiyo hiyo na fundi wa kijiji pamoja na vijana waliojitolea: kusimamisha ukuta ulioanguka kwa udongo ule ule, kuondoa paa la udongo upande wa nyuma, na kupiga bati juu ya nguzo na kuta zilizokuwepo. Sababu yao ilikuwa moja, kuwahi. Kwa bati 18 walitaka kufunika eneo lote la nyuma, mita 6 kwa zaidi ya 5, na ili zitoshe ilibidi bati ziishie pale pale ukuta unapoishia. Ukingo wa nje ulizidi ukuta kwa upana wa kiganja.

Kazi ilikwisha kwa siku chache. Taarifa iliyopanda wilayani ilisema kaya moja imesaidiwa.

Februari na Machi

Februari upepo unaotangulia mvua uliinua bati tatu. Mita moja ya mraba ya bati la geji 30 haifiki kilo tatu, na hapa lilikuwa limepigiliwa kwenye fito zisizofungwa kwa chochote kilichoshika ardhi. Vijana walizirudishia na kuweka mawe juu. Mawe juu ya bati ni jambo la kawaida vijijini kwetu, lakini jiwe juu ya kichwa cha mtoto aliyelala chini ya kenchi dhaifu ni hatari ya pili.

Machi ndipo tatizo lenyewe lilipojitokeza. Paa la udongo lilikuwa linanyonya maji. Bati halinyonyi kitu. Maji yote ya paa yalikuwa yanashuka kwenye mstari mmoja, sentimita chache kutoka kwenye ukuta wa udongo, yakichimba chini na kurusha matope ukutani hadi urefu wa goti. Ukuta uliolala Desemba kwa mvua iliyotoka juu ukaanza kulika kutoka chini. Mwisho wa mwezi ulikuwa umebonyea, na mtendaji akaamuru watoto watoke.

Msaada ulikuwa umeharakisha kuanguka kwa nyumba. Watu wa kijiji walisema kwa lugha yao: bati zina mkosi. Fundi sanifu wa ujenzi kutoka halmashauri, kijana aliyekuja kukagua shule na kuombwa apitie, alisema jambo lile lile kwa lugha ya mfereji na msingi.

Uamuzi wa kusubiri, na nyumba iliyopungua

Fundi sanifu alitoa mapendekezo matatu. Kamati ya maafa, safari hii ikiwa imekaa kikao chenye muhtasari, iliyakubali yote baada ya mabishano marefu.

La kwanza: kisijengwe kitu hadi mvua ziishe. Bati zishushwe, zihesabiwe, ziandikwe kwenye leja na kutunzwa ofisi ya kijiji. Bibi akae chumba cha mbele cha tembe, kilichokuwa bado kizima, baada ya nguzo zake kukaguliwa na moja kubadilishwa. Hili lilikuwa gumu kisiasa. Diwani aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, ataeleza nini watu wakiona bati alizokabidhi zimefungiwa ofisini.

La pili: tofali zisichomwe. Kuchoma kunataka kuni, na kijiji kile kuni kinazifuata mbali. Kikundi cha vijana cha kata jirani kilikuwa na mashine ya kufyatua matofali ya kufungamana, aina ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiihamasisha kwa miaka mingi: udongo uliochekechwa, saruji kidogo, kushindiliwa, kumwagiliwa na kufunikwa hadi tofali likomae. Kikundi kilikubali kuja na mashine kwa malipo ya tofali lililotoka zima.

La tatu ndilo lililoleta maneno. Nyumba ipungue. Kwa bati 18, ukitaka zizidi ukuta kwa sentimita 60 kila upande, kuta zinapaswa kuwa karibu mita 5 kwa 4 na kidogo, yaani chumba kimoja na sebule ndogo. Bibi alimsikiliza fundi sanifu hadi mwisho, kisha akamwambia:

“Mwanangu, nyumba alinijengea mzee wangu. Wewe umekuja kunisaidia au kunipunguzia?”

Na kijijini kukawa na tetesi kwamba bati zimeliwa, ndiyo maana nyumba inafanywa ndogo. Kijana hakubishana. Alichukua kopo la maji na kipande cha bati, akamwaga mara mbili mbele ya ukuta uliobonyea: mara moja bati likiwa karibu na ukuta, mara nyingine likiwa limesogezwa nje. Kisha akapendekeza leja ya vifaa ibandikwe kwenye mti wa mwarobaini mbele ya ofisi, kila mtu ahesabu. Nadhani leja ilisaidia zaidi kuliko kopo.

Shemeji

Juni, siku ya kuchora msingi, alitokea mdogo wa marehemu.

“Mtendaji, hapa ni kwa marehemu kaka yangu. Mkijenga kwa tofali, mnamjengea nani?”

Swali lilikuwa la haki kuliko lilivyosikika. Tembe likibomoka hurudi kuwa udongo. Nyumba ya tofali ni mali, na mali ina mrithi. Kama halmashauri ingejenga bila kulijibu, ingewezekana kabisa Bibi aondolewe kwenye nyumba aliyojengewa kwa fedha za umma.

Mwenyekiti wa kijiji alisimamisha kazi, akaita wazee wa ukoo, binti wa Bibi kutoka jijini, na wajumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji. Katika kikao kile ilisomwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, kinachobatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kutumia au kupata ardhi. Haikusomwa kwa kumtishia mtu. Mzee mmoja ndiye aliyelimaliza jambo, akisema kaka mtu hakumwacha mkewe nje, na mdogo wake hawezi kumtoa. Yaliandikwa makubaliano: kiwanja ni cha Bibi, baada yake wajukuu anaowalea, na shemeji anabaki na njia ya kupitisha ng’ombe kando ya uzio, ambayo kumbe ndiyo ilikuwa hofu yake kubwa. Maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila yaliwasilishwa. Kikao kilichelewesha ujenzi kwa karibu mwezi mzima.

Ujenzi

Julai hadi Septemba. Majirani walileta mawe, mchanga na maji. Fundi alikuwa yule yule wa Januari, na hilo lilikuwa chaguo la makusudi: ndiye atakayeitwa nyumba zinazofuata, afadhali ajifunze kwenye hii.

Msingi ulijengwa kwa mawe na kupandishwa sentimita 40 juu ya ardhi. Kenchi zilifungwa kwa waya mzito ulioanzia kwenye kozi (safu za tofali) za chini za ukuta, si kwenye tofali la juu peke yake. Mbao zilipakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa. Kuzunguka nyumba pakamwagwa mawe na kusakafiwa kwa mteremko wa kwenda nje, na upande wa chini ukachimbwa mfereji. Gata iliwekwa upande mmoja, ikiingiza maji kwenye simtanki lililochangiwa na mfanyabiashara wa vifaa. Upande huo wa paa una mita za mraba kama 17, na kila milimita ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa mvua ya kawaida ya Dodoma ni zaidi ya lita 9,000 kwa mwaka, kabla ya kutoa zinazomwagika. Kwa kaya inayonunua maji kwa ndoo, faida hii hata kamati haikuwa imeipigia hesabu mwanzoni.

Ujira wa fundi uligawanywa kwa hatua: msingi, kuta, paa. Sehemu ya mwisho, kama moja ya tano, ilizuiliwa hadi mvua kubwa ya kwanza ipite. Fundi alinung’unika, kisha akaanza kuja mwenyewe kila wingu likitanda.

Matokeo

Mvua za Desemba 2024 na Januari 2025 zilipita. Hakuna bati lililoinuka, chini ya ukuta palibaki pakavu, fundi akalipwa salio. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 ulileta mwenyekiti mpya katikati ya kisa. Leja na mihutasari vilikuwepo, hivyo makabidhiano hayakuleta ugomvi.

Si yote yaliyokwenda vizuri. Chumba cha bati hakina dari, na kuanzia saa sita mchana hakikaliki. Bibi amehamishia wajukuu huko pamoja na magunia yake, yeye mwenyewe bado analala kwenye chumba cha tembe, na akiulizwa anasema mifupa yake inalijua lile paa. Tembe hilo litaanguka mwaka wowote. Simtanki lilipasuka kwenye bomba la chini ndani ya miezi mitatu, na hakuna aliyekuwa amepangiwa kulitengeneza. Hati ya kimila, wakati wa kuandika, bado haijatoka.

Uchambuzi

Kuchelewa ndiko kulikookoa kazi hii, na ndiko ambako watendaji wengi hawataruhusiwa kukufanya. Shinikizo la kujenga wakati wa mvua linatoka juu na chini kwa pamoja. Ninavyoona, msaada wa aina hii ugawanywe waziwazi vipande viwili: hifadhi ya haraka wakati wa mvua (turubai, kubadilisha nguzo, kuhamia chumba kizima au kwa jirani), na ujenzi kiangazi. Diwani akiwa na cha kukabidhi Januari, hata kama ni turubai, hatalazimika kukabidhi bati.

Fundi sanifu alifika kwa bahati. Alikuwa anapita kwenda shule. Ziara yake haikuchukua hata nusu siku, na thamani yake ilizidi ya bati zote. Kama angefika kabla ya bati kununuliwa, huenda zingenunuliwa chache, nyingine ikawa saruji. Hilo ni jambo ambalo mkurugenzi anaweza kuliamuru bila kuongeza shilingi kwenye bajeti: mtaalamu wa ujenzi akipita kijijini kukagua darasa, apewe na orodha ya nyumba zilizoanguka.

Suala la umiliki lilikuja kwa kishindo siku ya msingi kwa sababu hakuna aliyeuliza Desemba. Fomu ya tathmini ilikuwa na nafasi ya idadi ya watu, idadi ya vyumba na “mahitaji”, ambapo watu huandika bati. Kamati imeongeza maswali matatu: kiwanja ni cha nani na nani anaweza kupinga, maji yanapita wapi, nguzo zimeliwa kiasi gani.

Kuhusu tembe lenyewe, nina neno. Katika vikao vyote lilitajwa kama aibu ya kuondolewa. Lakini nusu ya gharama ya nyumba mpya ingeweza kubadilisha nguzo zote za tembe, kuziwekea mawe chini na kuinua udongo wa pembeni usilowe. Kwa kaya ya mtu mzima mmoja na watoto, na kwa joto la Oktoba, haikuwa hoja ya kijinga. Haikuzungumzwa kwa sababu hakuna taarifa ya maendeleo inayokubali kuandika “tembe limekarabatiwa”.

Lililoshindikana kabisa ni usawa. Nyumba kumi nyingine zilibaki kwenye karatasi. Moja yake, ya mzee mwenye ulemavu wa miguu anayekaa mbali na barabara, ilikuwa mbaya kuliko ya Bibi kwa kipimo chochote. Wana kijiji waliliona hilo na walilisema kwenye mkutano mkuu, na jibu walilopewa, kwamba fedha ni kidogo, lilikuwa kweli lakini halikujibu swali la kwa nini huyu na si yule.

Orodha ilipofikia

Mkutano mkuu wa kijiji ulipitisha utaratibu wa kupanga upya orodha kwa kuangalia hatari ya kuanguka kwanza, kisha uwezo wa nguvu kazi ndani ya kaya, na umbali na ofisi usihesabiwe. Nyumba ya mzee yule imekuwa ya kwanza. Fundi ameshapeleka mawe ya msingi. Kaya tatu kati ya zilizobaki zimeshindwa kujaza sehemu ya kiwanja ni cha nani, na baraza la ardhi limepanga kukaa nazo kabla ya mavuno kuisha.